Nilimcheka mpiga ramli, kumbe na mimi nilikuwa na ramli yangu

Naanza na hirizi, maana kila nikijaribu kuelezea hii habari najikuta narudi hapohapo.

Nilikuwa ndo nimetoka chuo, diploma ya maabara bado ina harufu ya wino, nimepata kazi klinki moja ya binafsi, mji siutaji na klinki siitaji. Labu yenyewe chumba kimoja, dirisha moja la kioo linaloangalia maegesho, sinki, friji ya vitendanishi, zile dawa za kupimia, ambayo humo humo sista alikuwa anaficha juisi yake, na hadubini mbili, moja nzima na moja ya kuigiza. Kulikuwa na dada mmoja kanizidi kama miaka kumi na tano, wote tunamwita Bimkubwa, na yule mtu kwenye hadubini alikuwa hatari sijapata kuona tena. Mi nakaa na slaidi ya malaria dakika kumi nasogeza huku nasogeza kule sioni kitu, naandika hasi, yeye anapita anainama bila hata kukaa, mkono mmoja kwenye skrubu, anasema "hao wawili, mmoja kajibanza pembeni mwa seli", anaendelea na safari yake. Naangalia, kweli wapo. Vijipete vyembamba na kinukta chake, kama vile alivyosema.

Siku moja mwisho wa zamu tunanawa mikono akapandisha mkono wa koti juu kuliko kawaida nikaiona, hirizi ya ngozi, imefungwa juu ya kiwiko kwa uzi mweusi, imekaa muda mrefu mpaka ngozi inang'aa kama kiatu cha askari. Nikacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nilidhani nimeshamaliza kujua mambo. Nikamwambia, "Bimkubwa, hata wewe? Si wewe ndo unawaona wadudu kwa macho yako kila siku ya Mungu?"

Akafuta mikono polepole, akateremsha mkono wa koti. "Mdogo wangu, hadubini inanionesha mdudu. Haijawahi kunionesha kwa nini mdudu kamchukua mwanangu kamwacha wa jirani, na walikuwa wanalala chandarua kimoja."

Nilinyamaza. Sikujua hata kama alifiwa. Jibu la kitaalamu nilikuwa nalo, kinga ya mwili, nani kaumwa na mbu yupi, lakini hilo silo alilouliza na nililijua kuwa silo. Basi tukafunga labu kila mtu akaenda kwake, na mimi nikabaki na msimamo wangu kwamba ni mtu mzuri ila ana vitu vya kizamani kichwani. Ilinichukua miaka kujua nani alikuwa na vitu vya kizamani kichwani.

Ruka sasa miaka kama sita. Nimerudi shule, nimesoma digrii, nikaunga na masters, na kwenye masters kuna somo la lazima linaitwa falsafa ya sayansi, saa mbili kila Jumatano mchana, jua kali, feni moja. Darasa zima tulikuwa tunalalamika. Watu tuna data za kuchambua, tuna panya wanasubiri, unatuletea Wagiriki wa nini? Kuna jamaa mmoja alikuwa anapenda ule msemo kwamba falsafa ya sayansi inamsaidia mwanasayansi kama vile elimu ya ndege inavyomsaidia ndege, yaani ndege anaruka bila kusoma kitabu cha ndege. Tunacheka tunagongeana mikono. Na mimi nilicheka sana, ila siku hiyohiyo nikakumbuka kitu nilichokuwa nakiona kule klinki kupitia lile dirisha la labu. Kuna kindege kimoja kila asubuhi kinakuja kwenye gari la klinki kinapigana na kioo cha pembeni. Kinaona ndege mwenzake mle ndani, kinamdonoa, kinarudi nyuma, kinamdonoa tena, dereva alikuwa anavifunika vioo kwa soksi. Kile kindege kuruka kinajua sana tu. Kilichokishinda ni kujua kwamba adui yake ni yeye mwenyewe. Sikulisema darasani, ningeonekana nimehamia kambi ya mwalimu.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mzee mmoja mpole anaongea kama anasimulia hadithi jioni. Siku ya kwanza hakuleta Wagiriki. Alileta Wazande, watu wa mpakani kule Congo na Sudan Kusini, na Mwingereza mmoja Evans-Pritchard aliyekaa nao miaka ya 1920, kitabu chake kikatoka 1937. Akatusimulia habari ya kihenge. Kihenge cha nafaka kimesimama juu ya nguzo, watu wamekaa kivulini chini yake wanapiga soga, kinaanguka, wanaumia. Ukiwauliza Wazande kimeangukaje watakwambia mchwa wamekula nguzo, wanajua vizuri tu, hawana shida na mchwa. Ila watauliza: kwa nini kimeanguka saa ile ile walipokuwa wamekaa hawa, na sio jana usiku, na sio juu ya wengine? Hapo ndo uchawi unapoingia. Sayansi ya mchwa wanayo. Swali lao ni la pili.

Aisee nilihisi mtu kanishika bega. Ni maneno ya Bimkubwa haya, neno kwa neno karibu, na Bimkubwa hajawahi kumsikia huyo Mwingereza. Alafu mwalimu akaongeza kitu ambacho kilifanya nusu ya darasa waache simu: kwamba Evans-Pritchard mwenyewe alipokuwa anaishi kule alikuwa anaendesha mambo ya nyumbani kwake kwa kuuliza ramli za Kizande, kama majirani zake, na akaandika kwamba ni njia nzuri tu ya kuendesha nyumba kama nyingine alizozijua. Msomi wa Oxford huyo.

Sasa ramli yenyewe ndo nataka muisikie vizuri kwa sababu itarudi. Wanaita benge. Ni sumu, anapewa kifaranga huku swali linaulizwa, fulani ndo kamroga fulani, kama ni kweli kuku afe, kama sio apone. Na hawaamini mara moja, wanarudia kwa kuku wa pili kwa kugeuza swali, majibu yote mawili lazima yakubaliane. Yasipokubaliana je? Au ramli ikisema hivi na mambo yakaja kuwa vingine? Wana maelezo: sumu imechacha, mwendeshaji kavunja mwiko, kuna mchawi anaivuruga. Maelezo yapo tele, na yote yanalinda kitu kimoja, kwamba ramli yenyewe ni nzima. Tukacheka tena. Mwalimu akasubiri tumalize, akasema, "Haya, kila mmoja anitajie kipimo kimoja anachokitumia kazini, alafu aniambie kikitoka nini atakubali kwamba alikuwa amekosea."

Zamu ikanifikia. Nikasema Widal.

Kwa asiyejua, Widal ndo kile kipimo cha taifodi ambacho nadhani kila mtu anaesoma hapa kashawahi kupimwa. Kina jina la Mfaransa Fernand Widal, cha mwaka 1896, yaani kina umri kuzidi babu zetu wengi. Unachukua damu, unatenganisha serumu, yale maji ya damu, unaweka tone juu ya kadi nyeupe, unaongeza tone la kitendanishi, vipo viwili, O cha bluu na H chekundu, unachanganya kwa kijiti, unaizungusha kadi taratibu dakika moja hivi huku unaangalia kwenye mwanga. Kama pana kitu unaona kama maziwa yanapoanza kukatika, chengachenga pembeni. Kisha unaandika serumu imezimuliwa kiasi gani na bado inakatika, moja kwa themanini, moja kwa mia na sitini, moja kwa mia tatu na ishirini. Mgonjwa anaondoka na cheti chake, "nimekutwa na taifodi moja kwa mia na sitini", anaitaja kama namba ya nyumba.

Nimeizungusha ile kadi sijui mara ngapi maishani. Siku nyingine watu thelathini. Na hata diploma tulifundishwa, tena nilikuwa nayo kwenye daftari langu, kwamba kile kipimo hakioni bakteria, kinaona kingamwili, yaani askari wa mwili wanaopigana na maradhi, na kingamwili inaweza kuwa ya ugonjwa wa zamani, au chanjo, au ya maambukizi mengine kabisa, malaria ikiwemo. Kwamba kukipima mara moja tu hakina maana kubwa, unatakiwa upime tena baada ya siku kumi mpaka kumi na nne uone kama kimepanda mara nne. Kwamba ukitaka kujua kweli unaotesha damu uwaone bakteria wenyewe. Yote nilikuwa nayajua na mtihani nilifaulu. Na kila siku nilikuwa napima mara moja na kuandika taifodi.

Mwalimu akauliza, "Kikitoka hasi na mgonjwa ana homa?"

"Dokta anasema ni mapema, bado haijajitokeza. Anampa dawa."

"Kikitoka chanya, ukampa dawa, asipone?"

"Taifodi sugu. Anabadilishiwa dawa."

"Akapona?"

"Si ndo dawa imefanya kazi."

Akanyamaza. Darasa likanyamaza. Kuna mtu nyuma akasema kwa sauti ya chini "sumu imechacha" na watu walicheka hadi mwalimu akatoa kitambaa akafuta machozi, ila mimi sikucheka, nilikuwa nasikia joto masikioni.

Ile likizo nilirudi klinki kushika zamu, maana ada ya masters hailipwi na falsafa, na nikafanya kitu cha kitoto ambacho nilipaswa kukifanya miaka sita nyuma. Nilijitoa damu mimi mwenyewe, mzima wa afya, sina homa, nimekula wali maharage nimeshiba. Nikazungusha kadi. Moja kwa themanini. Nikamwita dereva, yule wa soksi za vioo, mzima kama ng'ombe. Moja kwa mia na sitini. Kwa cheti chetu yule dereva alikuwa anatakiwa alazwe.

Siku ile nikakaa na kalamu nikapiga hesabu, ni mfano tu huu sio takwimu za popote. Tuseme wamekuja watu mia wana homa, wenye taifodi ya kweli ni watatu. Tuseme kipimo kinawakamata wote watatu. Na tuseme kwa wasio nayo kinadanganya mara ishirini kila mia, basi kwenye wale 97 kitawasingizia kama 19. Jumla umeandika taifodi kwa watu 22 na wenye nayo ni 3. Hesabu ya darasa la saba hii. Miaka yote hiyo ningeweza kuipiga nyuma ya karatasi ya maombi ya vipimo, hakuna aliyenikataza, ila kichwa changu kilikuwa hakijawahi kuuliza hilo swali kwa sababu ilikuwa kazi, na kazi unaifanya.

Nikaenda kwa bosi, dokta mwenye klinki. Nikamwelezea kwa adabu zote, nikamwonesha na ya dereva. Akanisikiliza mpaka mwisho, sio mtu mbaya, akaegemea kiti akasema, "Kijana, mimi nimetibu taifodi miaka ishirini. Uzoefu huo vitabu vyako havina." Alafu akaongeza lile la pili ambalo ndo lenyewe: "Na ukianza kuwaandikia watu hasi, wanavuka barabara."

Hilo la pili ni kweli bwana, tusidanganyane. Nilijaribu. Mama mmoja alikuja na kichwa kinamuuma na uchovu, nikampima kila kitu, nikaandika ukweli kwamba malaria hamna, mkojo msafi, Widal nimeipima lakini haithibitishi taifodi. Akakiangalia cheti mbele na nyuma kama noti ya bandia. "Sasa elfu kumi na tano yote nimelipia hamna kitu?" Jioni nikamwona stendi ana mfuko wa dawa, kapima kwingine, ana malaria mbili, taifodi na yutiai, utatu mtakatifu wa zahanati zetu. Kanisalimia kwa kunihurumia.

Ila la kwanza, lile la miaka ishirini, nilikuja kulikuta kwenye kitabu nikabaki nacheka peke yangu kwenye daladala. Karl Popper, yule mwanafalsafa wa Vienna, anasimulia kwamba mwaka 1919 alikuwa anafanya kazi na Alfred Adler, bingwa wa mambo ya saikolojia. Akampelekea habari za mtoto mmoja ambazo kwake hazikuonekana kuendana na nadharia ya Adler. Adler akaichambua palepale bila shida, na mtoto mwenyewe hajamwona. Popper akamuuliza una uhakika gani, akajibiwa kwa sababu ya uzoefu wangu mara elfu moja. Popper akasema, na kwa huyu, nadhani sasa uzoefu wako umekuwa mara elfu moja na moja. Mwaka huohuo 1919 wanaastronomia wa Uingereza walikwenda kupiga picha kupatwa kwa jua, Eddington akiwa kisiwa cha Príncipe upande wa magharibi ya Afrika, kuangalia kama mwanga wa nyota unapinda kwa kiasi alichosema Einstein. Kilichomgusa Popper ni kwamba Einstein alikuwa ameweka shingo yake mezani, picha zingetoka vingine basi nadharia kwishney. Mimi na bosi wangu hatujawahi kuweka shingo popote.

Na Einstein mwenyewe hakuokota hiyo tabia njiani. Alipokuwa karani wa ofisi ya hataza, ya kusajili uvumbuzi, kule Bern, Uswisi, alikuwa na kikundi na wenzake wawili, wanakutana jioni wanasoma wanafalsafa na wanasayansi kina Hume na Mach na Poincaré, wakajiita kwa utani Akademia ya Olimpia. Uzee wake, 1944, alimwandikia barua kijana mmoja mwalimu wa fizikia akamwambia kwamba kujua falsafa na historia ndo kunampa mtu uhuru kutoka kwenye mawazo yaliyozoeleka ya kizazi chake, na kwamba kwa maoni yake hicho ndicho kinatofautisha fundi na mtafuta ukweli. Fundi! Nilipoisoma niliona kama kanitaja jina. Mimi nilikuwa fundi mzuri sana wa kuzungusha kadi.

Sasa msije mkafikiri hii ni habari ya zahanati uchochoroni tu. Mwaka 2004 ulitoka utafiti kwenye jarida kubwa la madaktari la Uingereza, umefanyika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania, wakawapima upya wagonjwa waliolazwa kwa malaria kali. Wenye wadudu hawakufika hata nusu. Na wale wasio na wadudu ndo kwa uwiano walikuwa wanakufa zaidi, kwa sababu kilichokuwa kinawaua ni kitu kingine na kila mtu kashakubaliana ni malaria. Madaktari kamili hao, wana hadubini, wana slaidi mkononi inasema hasi, wanasema "malaria imejificha". Niliposoma nilimkumbuka yule mtu wa nyuma ya darasa. Sumu imechacha.

Na ukipanda juu kabisa hali ni ileile, huko ndo nilichanganyikiwa zaidi. Baada ya masters nilihamia labu yenye PCR, tunapima wingi wa virusi vya UKIMWI, sampuli zinakuja kwenye maboksi ya baridi kutoka wilayani. PCR ni mashine tamu, inachukua kipande cha DNA ambacho hukioni wala hukisikii inakizidisha mara mbili, mara mbili, mara mbili, mpaka kinaonekana. Kaivumbua Kary Mullis, Mmarekani, Nobeli ya kemia 1993. Mwanaume huyo alikuwa anakataa kabisa kwamba VVU ndo vinaleta UKIMWI. Alikuwa anaamini nyota za kuzaliwa. Na kaandika mwenyewe kwamba usiku mmoja kwenye nyumba yake ya msituni kakutana na kinyama kama rakuni kinang'aa, kikamsalimia "habari za jioni, daktari". Sio mimi ninaesema, yeye. Mimi nakaa na mashine yake usiku kucha nahesabu virusi ambavyo yeye alikuwa anasema havina hatia. Halafu kuna Luc Montagnier, Mfaransa, Nobeli ya 2008 kwa kugundua hivyohivyo virusi, uzeeni akaanza kusema DNA inaacha mawimbi kwenye maji hata ukiyazimua mpaka DNA yenyewe haipo. Ukirudi nyuma kuna Newton, yule mwanafizikia, na makaratasi yake ya kutafuta dhahabu kwenye madini ya risasi, yalipopigwa mnada London 1936 watu walishangaa wingi wake. Kepler, mwanaastronomia wa Kijerumani, alikuwa anawapigia wakubwa nyota za bahati, na wakati huohuo anaandika sheria za sayari huku mama yake mzazi anashtakiwa uchawi, kesi ilianza 1615 mpaka 1621, na Kepler ndo alimtetea. Kichwa kimoja kinabeba vyote hivyo na hakipasuki.

Ya kwetu nayo mnayakumbuka. 2011 nchi nzima ilikuwa inaelekea Samunge, Loliondo, kikombe cha dawa kwa Babu, shilingi mia tano. Tulikuwa na mwalimu mmoja wa famakolojia, elimu ya dawa, chuo sikitaji, akapotea wiki nzima. Karudi vumbi hadi kwenye kope. Jumatatu akasimama mbele yetu akatufundisha namna ya kujaribu dawa, kundi moja linapewa dawa, lingine kidonge bandia, mpimaji asijue nani kapewa nini, na akafundisha vizuri mno, bado nina notsi zake. Kuna aliyemuuliza, mwalimu, vipi kikombe? Akasema "lile ni jambo la imani, hili ni la mtihani", akaendelea. Zamani niliona ni unafiki. Sasa sioni hivo, nadhani alikuwa anasema ukweli mtupu kuhusu kichwa chake kilivyopangwa, vyumba viwili na mlango katikati umefungwa. Ya mapaipai ya 2020, yale yaliyosemekana kukutwa na korona, sitayagusa, nina familia.

Kitu ambacho bado kinanisumbua, na hapa falsafa haikunipa jibu safi, ni hiki. Kwenye PCR kila unapopakia sampuli unaweka na kontroli mbili, moja unajua ina virusi na nyingine unajua haina. Kontroli ikikosea unatupa majibu yote. Na unasema nini? Kitendanishi kimeharibika, fundi kachafua, umeme ulikatika. Hakuna siku hata moja niliyosema labda nadharia ya DNA ni uongo. Sasa tofauti yangu na mzee wa benge iko wapi? Naye ana kuku wa pili, naye akikwama analaumu sumu na mwiko. Nimebishana na wenzangu mpaka usiku. Ninachoona mimi ni kwamba tofauti ni nyembamba kuliko tunavyojisifu, na haimo kichwani mwa mtu mmoja mmoja, imo kwenye vitu vya kuudhi kama zile sampuli za majaribio zinazotumwa kutoka nje bila majina, tunazipima, majibu yetu yanalinganishwa na labu nyingine na mtu asiyetujua anatuandikia barua kwamba mmekosea tatu kati ya tano. Ile barua inauma. Kule klinki barua ya namna hiyo haikuwahi kuja kuhusu Widal, tungeendelea hadi leo, na nasikia wanaendelea.

Mimi mwenyewe sijapona, nisije nikajifanya. Mwanangu wa pili alipata degedege ana mwaka na miezi minne. Saa tisa usiku, macho yamegeuka, mwili umekaza kama ubao. Mimi mwenye masters, mwenye Popper, nilikuwa nimeshika mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, mkono unatetemeka tone la damu haliingii kwenye kishimo. Mama mkwe alikuwa amekuja kutusaidia kulea, akatoka chumbani kwake na kifuko, kumbe kinyesi cha tembo kikavu alikuja nacho toka kwao kwa ajili ya siku kama hiyo, akakiwasha kwenye kaa, chumba kikajaa moshi. Akasema, "Baba, asichomwe sindano, akichomwa sindano tumempoteza." Nikamwambia, "Sawa mama." Nilimdanganya. Nikamfunika mtoto kwa kanga yake mama mkwe, inanuka ule moshi, nikatoka kutafuta bodaboda, na hospitali alichomwa sindano na akapona, malaria ilikuwepo kweli safari hii, mistari miwili.

Ila kabla sijatoka mama mkwe alimfunga uzi mweusi mkononi. Manesi waliuona, mimi niliuona. Ungekuwa mkono wa mtoto wa mtu mwingine ningekuwa na hotuba. Ule uzi ulikaa miezi, tunamwogesha nao, mpaka ulikatika wenyewe kwenye beseni, na nilipouona unaelea nilishtuka kidogo tumboni kabla sijaumwaga na maji.

Mwezi uliopita mama yangu mzazi kanipigia toka nyumbani, sauti ya kujikongoja.

"Mwanangu, nimepima leo. Wamenikuta na taifodi, moja kwa mia na sitini."

Nikaanza. Mama, kile kipimo usikitegemee, kinaangalia kingamwili, inaweza ikawa ya zamani, una homa kweli, umetapika, walikuoteshea damu, nikaenda mpaka kwa dereva. Akanisikiliza yote, hajawahi kunikatisha huyu mama hata nikiwa mtoto.

"Sasa baba," akasema nilipomaliza, "ile miaka uliyokuwa unaniletea sukari na khanga, si ndo hicho kipimo ulikuwa unawapimia watu?"

Nikamwambia ndio mama, ndo hicho.

"Haya. Na hizi dawa wamenipa, nianze leo au nisubiri kesho?"